Konami Imekufa kwa Nani?

Mwaka jana, katika kipindi cha mijadala, mhadhiri wetu alimtaka kila mwanafunzi aje na dai moja na alitetee kwa Kiswahili kwa dakika tano bila kusoma popote. Wenzangu walikuja na mambo mazito: uhaba wa mafuta ya gari, lugha ya kufundishia katika shule za msingi, faida ya Burundi kuwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mimi siku hiyo niliamka mikono mitupu. Zamu yangu ilipofika nikasimama nikasema, "Kampuni ya Konami imekufa." Wavulana wa nyuma wakapiga meza kwa kuniunga mkono. Waliobaki wakatazamana. Mhadhiri akavua miwani yake akauliza, "Huyo Konami ni nani, na matanga yake yamekwisha lini?"

Darasa likacheka, nami nikaongea. Niliongea vizuri, nasema bila aibu, maana jambo lenyewe nalijua tangu utotoni. Alinipa alama nzuri za ufasaha na alama mbaya za hoja. Chini ya karatasi aliandika maneno matatu: "Imekufa kwa nani?"

Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikaanza kutafuta, na nilichokipata hakikunifurahisha, kwa sababu kilionyesha kwamba mhadhiri alikuwa na haki.

Nianze na nilikotoka. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao barabara zake zina namba badala ya majina, na ambako Kiswahili unakisikia kuanzia sokoni Ruvumera hadi kwenye magaraji. Kaka yangu, aliyenizidi miaka saba, alikuwa akijifunza ufundi wa magari. Jioni akitoka kazini na mikono bado ina grisi, alinipitia nyumbani na tukaenda kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Humo mlikuwa na televisheni mbili za kichogo, PlayStation 2 mbili, mabenchi ya mbao na joto la ajabu. Mechi moja ilikuwa faranga mia mbili na aliyefungwa ndiye aliyelipa. Mwenye chumba alikaa mlangoni na daftari lake la shule, akiandika nani anadaiwa. Hakucheza hata siku moja. Nadhani hakuujua mpira.

Tulichocheza ni PES, Pro Evolution Soccer, gemu ya Konami. Wengine bado waliiita Winning Eleven, jina lake la Kijapani tangu miaka ya tisini. Konami haikuwa na haki za kutumia majina ya timu nyingi za Uingereza, kwa hiyo Chelsea iliitwa London FC, Liverpool ikawa Merseyside Red na Manchester City ikawa Man Blue. Nilikuwa na miaka tisa. Niliamini kabisa kwamba Chelsea ninayoiona kwenye televisheni ya jirani imekosea jina lake. Ukianza ligi ya peke yako, ile ya kujenga timu kidogo kidogo, ulikabidhiwa wachezaji ambao hawakuzaliwa popote duniani: Castolo, Minanda, Ximelez, na kipa Ivarov. Walikuwa dhaifu, wazito, wanachoka dakika ya sitini. Kaka yangu aliwapenda kuliko Messi. Alisema ukiweza kushinda na Castolo, na Messi mtu yeyote anashinda.

Hiyo ndiyo Konami iliyokuwa kichwani mwangu siku ile ya mjadala. Hoja zangu zilikuwa za kweli zote, na bado naamini ni za kweli. Nilisema kwamba kampuni hii ndiyo iliyotuletea Frogger mwaka 1981, Castlevania mwaka 1986, Contra na Metal Gear mwaka 1987, Silent Hill mwaka 1999. Nilisema kwamba hata mtu asiyecheza gemu anaweza kuwa amesikia ule msimbo wake wa siri: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Kisha nikafika mwaka 2015, mwaka ambao sisi Bujumbura tulikuwa na yetu na vyumba vya gemu vilifungwa mapema kabla ya giza. Mwaka huohuo huko Japani, Konami ilifuta mradi wa Silent Hills. Kionjo chake, P.T., kilichotolewa bure mwaka 2014 na kutisha watu dunia nzima, kiliondolewa kwenye duka la PlayStation hivi kwamba hata aliyewahi kukipakua hakuweza kukipakua tena. Watu wakaanza kuuza mashine zenye P.T. ndani yake kwa bei ya juu, kama vile mashine zenyewe zimekuwa makumbusho. Hideo Kojima, aliyeunda Metal Gear na kuitumikia kampuni kwa karibu miaka thelathini, aliondoka mwishoni mwa mwaka. Metal Gear Solid V ilipopata tuzo mwezi Desemba, mwendesha sherehe Geoff Keighley alitangaza jukwaani kwamba wanasheria wa Konami walikuwa wamemzuia Kojima kuja kuipokea. Ukumbi ukazomea.

Tena gazeti la Nikkei liliandika mwaka huo kwamba ndani ya kampuni wafanyakazi walipigiwa saa hata kwa mapumziko ya chakula, na kwamba watengeneza gemu walioonekana hawahitajiki walihamishiwa kazi za ulinzi wa majengo au usafi katika kumbi za mazoezi za kampuni hiyohiyo. Maana Konami, jambo ambalo nililisema darasani kama tusi, inamiliki kumbi za mazoezi ya viungo kote Japani. Inatengeneza pia mashine za pachinko, ule mchezo wa Kijapani wa vigololi unaofanana na kamari, na mashine za kamari kwa ajili ya kasino. Mwaka 2016 walitoa mashine ya pachislot yenye picha za Metal Gear Solid 3, zilizochorwa upya kwa uzuri kuliko gemu yenyewe ilivyowahi kuwa. Mashabiki walilia. Mwaka 2018 wakaja na Metal Gear Survive, ambamo nafasi ya pili ya kuhifadhi mchezo ilibidi uilipie.

Na mwisho nilipiga nilichodhani ni msumari wa jeneza. Septemba 30, 2021, PES ilibadilishwa jina ikawa eFootball, ikatolewa bure, na ikawa kichekesho. Sura za wachezaji zilipinda, mikono ilipita ndani ya miili, timu zilikuwa tisa tu. Katika duka la Steam ilishuka hadi kuwa gemu iliyokadiriwa vibaya kuliko zote dukani humo. Kampuni iliomba radhi hadharani.

Dakika tano zikaisha. Nikaketi.

Sasa tuangalie nilichokikuta baadaye. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2016, mara tu baada ya sakata la Kojima, mapato ya Konami yalikuwa karibu yen bilioni 250. Katika mwaka ulioishia Machi 2024 yalikuwa yen bilioni 360. Mwaka uliofuata yalipita bilioni 420, na faida ya uendeshaji ikapita bilioni 100. Hadi wakati huo, huo ndio ulikuwa mwaka mzuri kuliko yote katika historia yao. Sehemu kubwa kabisa ya fedha hizo haitoki kwenye pachinko wala kwenye kumbi za mazoezi, kama tunavyopenda kuambiana. Inatoka kwenye gemu: eFootball, gemu za besiboli ambazo nje ya Japani hazijulikani sana, na Yu-Gi-Oh!, kadi zake za karatasi pamoja na zile za kwenye skrini. Maiti gani hii inayonenepa?

Rafiki yangu wa idara ya uchumi, niliyemwonyesha namba hizi, alicheka akasema sisi watu wa fasihi tunachanganya kampuni na kumbukumbu. Nilimjibu kwamba wao wanachanganya kampuni na daftari. Tulibishana hadi mhudumu wa mgahawa akatuomba tulipe. Lakini nikiwa peke yangu nilijua ana nusu ya ukweli, na ile nusu nyingine ilibidi niitafute mwenyewe.

Niliipata mahali ambapo sikutarajia, kwenye mwanzo wa kampuni. Konami haikuanza na gemu. Mwaka 1969, Osaka, Kagemasa Kozuki alianza kwa kukodisha na kutengeneza masanduku ya muziki, yale makubwa ya baa ambayo unatumbukiza sarafu na wimbo unapigwa. Baada ya hapo wakaunda mashine za gemu za kumbini, ambazo nazo zinameza sarafu. Frogger ilikuwa hivyo: sarafu moja, chura mmoja anavuka barabara, akigongwa lete nyingine. Pachinko ni sarafu. Kasino ni sarafu. Na ndani ya eFootball leo, pesa ambayo unanunua kadi ya mchezaji bila kujua utaangukiwa na nani inaitwa vilevile: sarafu.

Kwa hiyo ule wakati ambao sisi tunauita uhai wa Konami, wakati wa kuuziwa diski nzima yenye hadithi nzima, ukalipa mara moja na mambo yakaisha, ulikuwa kipande tu cha maisha yake. Kipande kizuri sana, kilichotupa Metal Gear Solid mwaka 1998 na PES 6 mwaka 2006, lakini kipande. Tabia ya kampuni ilikuwa ile ya mwenye chumba wetu kule Buyenzi: kaa mlangoni, hesabu mechi. Niliposema darasani kwamba Konami imegeuka kuwa kampuni ya sarafu, nilikuwa kama mtu anayemlaumu mvuvi kwa kunuka samaki.

Hapo ndipo lilipokuja jambo lililonitia aibu zaidi. Diski zetu zilitoka wapi? Zilitoka Ruvumera, kwenye meza ya kijana mmoja aliyeziuza ndani ya mifuko ya plastiki, jina la gemu limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Zote zilikuwa nakala. PlayStation zenyewe zilikuwa zimechokonolewa ili zikubali nakala hizo. Katika miaka yote ile ya mabenchi, kelele na madeni ya daftarini, Konami haikupata kutoka chumba kile hata faranga moja. Alipata muuza diski, alipata mwenye chumba, lilipata shirika la umeme. Na mimi, ambaye sikuwahi kuilipa, nilisimama mbele ya darasa nikaitangaza imekufa kwa sababu haitengenezi tena gemu ninazozipenda.

Sisemi haya kujitia hatia. Hakuna mtoto wa Buyenzi ambaye angeweza kununua diski halisi, na hata angekuwa na fedha, duka lenyewe hatukulijua. Ninachosema ni kwamba watengenezaji hawa hawakuwahi kutuona. Konami ilipoendelea kutoa PES kwa PlayStation 2 hadi PES 2014, wakati dunia tajiri ilikuwa imeshahamia mashine nyingine, nilikuwa nikifikiri wanatukumbuka sisi. Pengine kulikuwa na wanunuzi wa kutosha mahali fulani wanaohesabika. Sisi tulikuwa tunakula makombo ya meza ambayo hatukualikwa. Na jambo la ajabu ni kwamba eFootball ile ya bure, ile niliyoicheka, ndiyo iliyotufikia kwa njia halali. Ilipoingia kwenye simu mwezi Juni 2022, kijana yeyote mwenye simu ya kawaida na bando kidogo aliipakua kutoka dukani kama wanavyoipakua watu wa Osaka. Kampuni inasema imepakuliwa zaidi ya mara milioni 750. Mara hii tumo ndani ya hesabu.

Je, ni gemu nzuri? Imerekebishwa mno tangu aibu ya 2021. Mpira unabingirika unavyotakiwa na pasi ina uzito. Lakini ina njaa. Kila ukiifungua kuna tangazo la mchezaji mpya, zawadi ya leo, kadi ya wiki hii tu, saa zinahesabika kurudi nyuma. Castolo asingepata nafasi humo. Castolo alikuwa maskini uliyemlea, ilhali humu maskini hawalelewi, wanabadilishwa. Ninalisema hili kama hukumu yangu na sitaki kulilainisha: katika PES nilijifunza subira, katika eFootball najifunza kukataa.

Kuna pia upande wa gemu za hadithi, ambao mashabiki wa Kojima walidhani umezikwa kabisa. Oktoba 2024 Silent Hill 2 ilirudi ikiwa imeundwa upya, ikasifiwa na kuuza zaidi ya nakala milioni moja katika siku chache. Agosti 2025 ikaja Metal Gear Solid Delta, gemu ya mwaka 2004 iliyovishwa ngozi mpya. Mwezi uliofuata ikaja Silent Hill f, hadithi mpya inayotokea katika kijiji cha Japani cha miaka ya sitini. Ukitazama kwa haraka utasema jamaa amefufuka. Ukitazama mikono iliyofanya kazi, utaona kwamba Silent Hill 2 mpya imetengenezwa na Bloober Team ya Poland, Silent Hill f imetengenezwa na NeoBards ya Taiwan, na hata Delta wamesaidiwa na Virtuos. Konami inashika majina, inatoa fedha, inakodi mafundi.

Kaka yangu angesema hiyo si aibu. Garaji la mtu mwenye jina linaweza kumpa kazi ya rangi fundi wa jirani na gari likatoka zuri. Nakubali, ila nauliza: fundi wa rangi akiondoka, garaji linabaki linajua nini? Yule aliyebuni P.T. hayupo. Timu iliyobuni Silent Hill ya kwanza ilivunjwa zamani. Silent Hill f inanipa moyo kwa sababu angalau ni hadithi mpya. Delta inanipa wasiwasi. Ni nzuri mno, na kila kilicho kizuri ndani yake kilifikiriwa miaka ishirini iliyopita na mtu waliyemzuia kupokea tuzo yake.

Hivyo ningeulizwa leo nisimame tena, nisingesema imekufa. Kiswahili kina maneno mengi zaidi ya kufa na kustawi, nami niliokota la kwanza lililonijia. Kuna kuzorota, kuna kudorora, kuna kufifia, kuna kuhama. Konami ilihama. Nyumba ya zamani imebaki na samani, mara mojamoja wanampangisha mgeni anayejua kupika, na moshi unaonekana jikoni. Wenyewe wanaishi kwingine na huko wanakula vizuri.

Lakini swali la mhadhiri lilikuwa "kwa nani", na sijalijibu.

Kwa mwenye hisa haijafa. Kwa yule mtengeneza gemu aliyepelekwa kulinda mlango, kama Nikkei ilivyoandika, ilikufa siku hiyohiyo, hata kama jina lake lilibaki kwenye orodha ya mishahara. Kwa mwenye chumba cha Buyenzi, sidhani kama aliwahi kujua kwamba iko. Chumba chake kilikwisha taratibu, simu ziliposhuka bei na umeme ukawa wa kubahatisha. Siku hizi kinauza vipuri kama duka la mbele. Nilipita mwezi uliopita, benchi moja bado lipo nje, watu wanakalia wakisubiri kufungiwa tairi. Nilimsalimia. Aliniuliza habari za kaka yangu, kisha, kwa utani ambao sina hakika ulikuwa utani wote, akasema daftari lake bado lina deni la mia nne.

Na kwa kaka yangu?

Kaka yangu yuko Dubai, mwaka wa tatu huu, katika ghala la bidhaa. Kule simu za WhatsApp hazipigiki kama huku. Ujumbe unaenda, picha inaenda, sauti iliyorekodiwa inaenda, lakini mazungumzo ya moja kwa moja yanagoma. Kupiga simu ya kawaida ni ghali kwake na kwetu. Basi Alhamisi usiku, akiwa amekula na wenzake wa chumbani wamelala, ananitumia neno moja tu: "Ingia." Naingia. Tunaitana ndani ya eFootball, mechi ya marafiki, dakika kumi. Katika dakika hizo kumi, kitu anachokifanya Dubai kwa kidole chake nakiona Bujumbura wakati huohuo. Hakuna kingine tulicho nacho kinachofanya hivyo.

Mama hapendi gemu. Hata hivyo Alhamisi anakuja kuketi karibu yangu, anajifanya anachambua mchele, na mechi ikiisha anauliza, "Amechezaje?" Mwanzoni nilidhani ananitania. Baadaye nilielewa anauliza nini. Kuna Alhamisi alifungwa tano bila. Hakuwa anakimbiza mpira, beki zake zilisimama kama nguzo. Nilimwandikia, "Kaka, unaumwa?" Alikaa kimya siku mbili kabla ya kukiri kwamba amehamishiwa zamu ya usiku, halali mchana kwa kelele, na hakutaka mama ajue. Sauti zake za kurekodi za wiki hiyo zilikuwa na kicheko kilekile cha siku zote. Sauti mtu anaweza kuitengeneza. Kukaba nafasi, hapana.

Ndiyo maana nilipoandika insha hii niligundua kwamba sina uhuru wa mtazamaji niliojidai nao darasani. PES 2013 iliyo kwenye diski ya kununua Ruvumera haihitaji Konami iwe hai. Ukipata PlayStation na umeme, Castolo ataingia uwanjani hata kama kampuni imegeuzwa shamba la kuku. eFootball haiko hivyo. Inaishi kwenye seva, na seva za PES za miaka ya nyuma zimeshazimwa moja baada ya nyingine, kama P.T. ilivyoondolewa. Mwaka ambao mtu ofisini Tokyo ataamua kwamba hesabu haimlipi, hiyo dakika kumi yetu itaondoka nayo, bila diski, bila mfuko wa plastiki, bila kalamu ya wino mzito. Desemba 2024 walifanya fainali za kombe la dunia la eFootball mjini Riyadh pamoja na FIFA, na Indonesia ikabeba la mashine za nyumbani. Zamani ningecheka habari kama hiyo. Safari hii niliisoma hadi mwisho, kama mkulima anayesikiliza taarifa ya mvua, nikitafuta dalili kwamba bado wana nia ya kuendelea.

Kwa hiyo nataka istawi. Sitaki kuilipa, sina cha kuilipa, na najua kwamba wanaoilipa ni vijana wengine mahali pengine wanaonunua sarafu ili mimi nicheze bure na kaka yangu. Labda baadhi yao hawana uwezo huo pia. Hili bado linanisumbua na sijalipatia jibu.

Alhamisi iliyopita aliniambia nisubiri kidogo, ana jambo la kunionyesha. Ameacha wachezaji wake wote wenye majina, amepanga kikosi cha watu wa chini kabisa, wale ambao gemu inakupa siku ya kwanza na kila mtu anawatupa. Mtandao ulikatika mara mbili, tukarudi mara mbili. Akanifunga mbili kwa moja. Dakika chache baadaye ikaja sauti yake, anacheka mpaka anakohoa, nyuma yake mtu analalamika kwa Kihindi kwamba watu wanalala.

Mama aliinua kichwa kwenye ungo. Nikamwambia amecheza vizuri.